Kisu cha Marehemu na Upawa Niliouficha

Jumatatu, 4 Machi

Mkamwana, andika tarehe vizuri, maana habari hii itakuja kuulizwa. Wifi yangu ana tabia ya kukumbuka mambo kwa namna inayompendeza yeye. Mimi sikusomeshwa, lakini mdomo ninao. Nasema, mkamwana anaandika. Anaandika kwa mkono wa kushoto, kiganja kinapita juu ya wino, kila ukurasa unatoka kama umefukizwa moshi. Sijali. Mradi yaandikwe.

Basi. Jana, chakula cha mchana. Tuko mezani watu wanne: mimi, mwanangu fundi friji, mkewe huyu anayeandika, na wifi, dada wa marehemu mume wangu. Wifi kaja na buti. Buti, mezani. Tangu astaafu posta amejiunga na kikundi cha wastaafu wanaokwenda kulala porini kwa hiari yao, na vitanda wanavyo. Wanapekecha vijiti kuwasha moto huku kiberiti kiko mfukoni. Kila Jumapili tunaelezwa. Safari hii ilikuwa kijiti cha manyoya: unakichonga kijiti vipande vyembamba visivyokatika, vinajikunja kama manyoya ya kuku, ndiyo moto unashika haraka. Nikamwambia mimi nina gesi.

Nilikuwa namenya chungwa kwa kisu cha marehemu. Kisu kidogo, makali urefu wa kidole changu cha kati. Si cha kukunja. Chuma kimepita ndani ya mpini mpaka mwisho, na mpini wenyewe wa mti, umelika pale kidole gumba chake kilipokuwa kinakaa. Kila jioni alikuwa anakaa nacho kizingitini, anachonga. Miko, vishikio vya milango, mara moja bata. Yule bata hakufanana na bata ila hatukumwambia. Na chungwa langu alinimenyea kwa kisu hicho hicho, ganda linatoka refu bila kukatika, ananivisha shingoni. Mkufu wangu huo. Hilo la mkufu usiandike. Umeshaandika? Haya, liache.

Wifi akakiona kisu. Akaweka uma chini. Akasema wifi yangu, kisu cha kaka kweli kinamenya machungwa, kisu cha kuchongea kile, si kinalia hapo? Nipe mimi nikaenzi kazi yake porini. Nikamkumbusha kwamba yeye anacho chake, kile chenye dira kwenye mpini, ingawa sijui kisu kikishajua kaskazini kinakwenda kufanya nini huko. Akakohoa. Akasema kipo, kipo, ila cha kaka ni damu.

Mwanangu naye, badala ya kumtetea mama yake, akajifanya hakimu. Kisu kiende kwa anayekitumia kwa kazi yake, kasema. Na mdomo umejaa chakula nilichopika mimi. Au alichopika mkewe, lakini mimi nilikuwepo.

Hapo ulimi ukanitangulia. Nikasema nakitumia. Nachonga nacho. Mwanangu akauliza, unachonga nini, mama? Ningesema mwiko yangeisha. Mwiko ni ubao bapa tu. Lakini nikaona mwiko hautamkata wifi maini. Nikasema upawa. Upawa wenye kishimo cha kuchotea mchuzi. Wifi akauliza uko wapi. Nikasema nimeuficha.

Wakacheka. Hata huyu anayeandika aliinamia sahani. Shauri likakatwa: Jumapili ijayo niweke mezani upawa niliouchonga kwa kisu kile. Nikiuweka, kisu ni changu mpaka nizikwe, na wifi hatakitaja tena. Nisipouweka, anaondoka nacho.

Sijawahi kuchonga hata kijiti cha meno. Lakini nimekaa karibu na mchongaji ndoa nzima. Vitu kama hivyo vinaingia mwilini vyenyewe.

Jumanne, 5 Machi

Mti nimepata. Mguu wa kiti cha uani, ule uliong'oka, ulikuwa umelala stoo. Mkavu, mgumu, hauna hata tundu la mdudu. Nikakaa kizingitini pale pale pa marehemu. Nikashika kisu. Nikasukuma. Kikateleza kama juu ya kioo. Nikasukuma kwa nguvu za kweli. Kikaruka, kikachoma mto niliokalia. Pamba zote nje.

Nikajua shida ni makali. Ni kweli kisu hiki tangu mwenyewe aondoke kimefanya kazi nyingi zisizo zake. Kimefungua makopo ya rangi. Kimepalilia vyungu vya maua. Kimebandua barafu kwenye friji ya mwanangu, fundi friji ambaye friji yake mwenyewe inaganda kama mlima. Basi nikakinoa kwenye ngazi ya mlango, pale saruji ilipochubuka. Ule mlio ulimtoa jirani ndani. Jirani ni dereva wa lori mstaafu, tunamwita Bwana Honi kwa sababu hata salamu anaipiga. Akauliza kwa sauti ya mtaa mzima kama nachinja. Nikamwambia bado nachagua.

Mpaka jioni nimetoa unga wa mti usiojaa kijiko, na kidole gumba kimekatika. Mkamwana akanifunga plasta. Akakichukua kisu, akakitazama makali kwenye mwanga wa dirisha, akasikitika kama ameonyeshwa mgonjwa. Nikamwambia asihangaike, kisu cha mzee hakiharibiki. Akauliza, kwa upole wake huo unaoniudhi, kwani mama ukimwambia shangazi ukweli itakuwaje? Nikamwambia kazi yake ni kuandika.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda kwa seremala ng'ambo ya barabara. Jina lake la mtaani Kipimo, kwa kuwa hawezi kumwona mtu mlangoni bila kumkadiria kama fremu. Sikumwambia ni mimi. Nilimwambia nina rafiki, mama mtu mzima, mwenye heshima zake, mrembo kwa kiasi, anataka kuchonga upawa. Kipimo akauliza huyo rafiki ndiye mwenye plasta kwenye kidole gumba? Nikaweka mkono nyuma.

Akanieleza mengi. Mguu wa kiti haufai, mti mkavu unataka mashine. Rafiki yangu atafute mti mbichi, ule ambao ukiukata unatoa maji. Afuate mishipa ya mti inakokwenda, asibishane nayo. Makali yaelekee mbali na mwili, na goti lisikae njiani. Akate vipande vidogo vidogo, kidole gumba cha mkono ulioshika mti kisukume mgongo wa kisu. Hayo yote nimeyashika.

Halafu akaomba kisu. Akakigeuza geuza. Akasema hiki upande mmoja kimenolewa bapa, upande wa pili kina mteremko, aliyekinoa hivi alikuwa mtu wa mashoto. Mtu wa kulia akikishika kitamzamia ndani ya mti. Nikamwambia hilo najua kuliko yeye, mume wangu alikuwa wa mashoto, mpaka siku moja alikwenda kwa fundi cherehani akaazima mkasi, mkasi ukakataa kukata mkononi mwake, akamwambia fundi mkasi wako mbovu, fundi naye ni mtu wa hasira, akakata nao suruali ya mteja mbele yake kumwonyesha kwamba ni mzima. Suruali ya mteja! Na mteja mwenyewe ndiyo anaingia. Kipimo alikuwa bado anasema kitu kuhusu kishimo cha upawa, kwamba kisu kilichonyooka hakichimbi shimo, kunatakiwa kisu kilichopinda kama mwezi mchanga, lakini mimi nilikuwa nimefika penye utamu, mteja ameshika suruali yake, sikuweza kukatiza.

Nikarudi kutafuta mti mbichi. Mpera wa Bwana Honi umeinamia ukuta wetu tangu zamani, tawi liko upande wetu, na kitu kikiwa upande wetu mimi nakihesabu mgeni. Nikapanda kwenye ndoo na kisu cha kukatia mikate, kile chenye meno. Tawi likaanguka. Kumbe mwenyewe kasimama anatazama. Nikamwambia namsaidia, nimemtolea tawi kavu. Akaniambia bibi, hilo tawi kavu lina mapera. Ni kweli moja lilikuwa limenigonga kichwani. Nikamwambia hata mapera yenyewe naona yamekauka. Akaokota mapera yake akaniachia mti. Si mtu mbaya. Sauti tu.

Nimekata tawi vipande viwili. Kimoja cha kuchonga, kimoja cha akiba. Leo nalala nimetulia.

Alhamisi, 7 Machi

Kisu leo kinakata! Nimekuta makali yamekuwa kama wembe. Kumbe ile ngazi ya saruji ni jiwe zuri, kazi yangu ya Jumanne ilikuwa inakomaa. Nitamwambia Kipimo auze mawe yake yote ya kunolea.

Nikaanza upawa. Mpera mbichi ni laini, una harufu nzuri, nilifurahi kama mtu aliyeolewa upya. Lakini kisu kina kiburi. Nikikata juu juu, kinapiga mbizi. Nikikitoa, kinatoka na kipande cha mti ambacho sikukiomba. Nikipunguza upande huu ulingane na ule, ule unakuwa mnene. Nikipunguza ule, huu. Asubuhi nilikuwa na upawa wa kugawia watu wa hoteli. Saa ya chakula ulikuwa umebaki wa nyumbani. Alasiri nikasema basi, iwe kijiko. Kisha kijiko cha mtoto. Shimo halikuchimbika kabisa. Ncha ya kisu inakwaruza pale pale kama kuku anatafuta punje. Mwisho nimebakiwa na kitu ambacho mkamwana ameuliza ni cha kusafishia sikio. Nikamwambia sikio lake nani angelifikia kwa uvivu wa kusikia alionao.

Naye si wa kunicheka. Amefunga plasta kidole cha kulia. Nilipomuuliza kimefanya nini, kasema vitunguu. Mwanamke wa umri ule, ndoa ndefu hivyo, hajui kukata vitunguu. Nimenyamaza tu kwa ajili ya mwanangu.

Wifi kapita jioni, eti anaulizia chumvi. Anakaa mbali na hapa, kapita maduka yote, kaja kuulizia chumvi kwangu. Macho yake yakawa sakafuni yanatafuta vipande vya mti. Akasema Jumamosi wanakwenda porini, na angekuwa na kisu cha kaka angeonyesha watu. Nikamuuliza kile cha dira kiko wapi. Akasema kimepumzika. Mwanangu baadaye akaniambia mpini ulichomoka safari iliyopita, dira ikabingirikia mtoni. Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Kwa hiyo hana kisu! Ndiyo maana damu ya kaka imempanda ghafla.

Lakini nilipokwisha kucheka nikakumbuka na mimi sina upawa.

Nilikaa pale kizingitini kidogo. Nikakishika kisu bila kukata kitu. Gumba langu halikai pale gumba lake lilipokaa. Nimejaribu kila namna, halikai. Kiende porini kikawashe moto wa wastaafu, kweli?

Hakiendi.

Ijumaa, 8 Machi

Akili imekuja wakati nasukutua mdomo. Nani kasema upawa lazima uzaliwe mikononi mwangu? Nimekwenda sokoni kwa muuza vyombo. Alikuwa na pawa za mti zimening'inia kama popo. Nimechagua mmoja, umbo zuri, shimo refu. Muuzaji akasema bibi, huo ni wa mashine, hauna hata kovu. Nikamwambia ndiyo sifa yenyewe.

Nyumbani nikakuta mpini una muhuri, umechomwa kwa moto, wa huko walikoutengeneza. Nikachukua kisu cha marehemu nikaukwangua. Ukatoka. Sasa mtu asiniambie nadanganya. Kisu kimegusa upawa, vipande vya mti vimeanguka, hayo si kuchonga ni nini? Nikaupaka mafuta, nikaufukiza juu ya moshi, nikaupiga na ufunguo huku na huku uonekane umeteseka. Nimeuweka chini ya godoro. Ule uongo wa kuuficha umekuwa kweli. Mimi mtu wa haki.

Jikoni tuna panya. Nimeona chini ya meza vipande vyembamba vya mti, vimejikunja kama maganda ya kitunguu. Panya huyo ana meno mazuri. Mkamwana akavifagia haraka kabla sijamwonyesha mwanangu. Nimetega mtego.

Jumamosi, 9 Machi

Kile kipande cha akiba cha mpera kimepotea! Si kwamba nakihitaji, lakini wizi ni wizi. Nimemwendea Bwana Honi nikamuuliza kama amekuja kuchukua mti wake uani kwangu. Akauliza, kwa hiyo unakubali ulikuwa mti wangu? Nikaona mazungumzo yameelekea pabaya, nikamwulizia afya ya miguu yake.

Mtego umemnasa mwanangu kidole cha mguu.

Mkamwana leo anapika maharage tangu asubuhi, anakoroga, anaimbaimba. Hata kalamu amekuja nayo ina harufu ya mpera. Au ni pua yangu. Wiki hii kila kitu kinanukia mpera.

Kesho ndiyo kesho. Upawa chini ya godoro unaniumiza mbavu.

Jumapili, 10 Machi

Andika pole pole, na usipunguze.

Wifi kaja na harufu ya moshi, majani kwenye nywele, na kijiti mkononi. Kwamba kabla ya yote atuonyeshe kisu cha kaka kinavyotakiwa kutumika. Mwanangu hakimu akampa kisu. Wifi akakaa kizingitini, akatanua miguu, akaanza kijiti chake cha manyoya. Kata ya kwanza, kisu kikapiga mbizi. Ya pili, kikang'oa bonge. Akasema kijiti kina fundo. Akakigeuza. Kikakatika katikati. Alipomaliza alikuwa na kuku aliyenyonyolewa, na jasho. Akasema kisu kimeharibiwa na machungwa. Mimi moyoni nilikuwa nacheza ngoma. Kile kiburi cha kisu nakijua mimi.

Tukaenda mezani. Nikaleta upawa wangu, nimeuviringisha kwenye kitambaa. Nikaufunua taratibu. Mwanangu akafungua mdomo. Nikasema nilianza asubuhi moja hivi, sikumbuki, mikono yenyewe ilikuwa inajua. Wifi akauchukua. Akaugeuza. Akaingiza kidole kwenye shimo, akakizungusha kama anaonja asali. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya posta ile ya kumwambia mtu stempu haitoshi: wifi yangu, kisu cha kaka kimenyooka. Shimo hili la duara, refu hivi, umelichimba na nini?

Nikasema na subira.

Akasema kisu kilichonyooka hakichimbi hivi, hata porini wana kisu kingine kilichopinda. Mwanangu akanitazama. Nikasema nilikipinda kidogo kisha nikakinyoosha. Hapo hata mimi nilisikia nilichokisema. Wifi akauelekeza mpini kwenye dirisha, akaona pale palipokwanguliwa, nusu ya herufi ya muhuri bado ipo. Kisu nilikuwa nacho, mafuta nilikuwa nayo, nusu ya herufi ndiyo inaniua!

Wifi akanyoosha mkono. Mwanangu akakiweka kisu kiganjani mwake. Niliangalia kitambaa. Nilikuwa nawaza tu kwamba chungwa ningeweza kumenya hata kwa kucha, kwani ganda ni nini.

Wifi akavuta sufuria ya maharage ajipakulie, mshindi anapakua kwanza. Akakoroga. Akasita. Akautoa mwiko ndani, akaufuta kwa kitambaa, akautazama kwa muda. Akauliza huu mmenunua wapi. Ulikuwa mwiko bapa, mpini umenyooka, ukingo mwembamba, laini kama kokoto la mtoni. Unanukia mpera. Mwanangu akasema hajui. Mimi nikasema sijui. Mkamwana akasema maharage yanapoa.

Wote tukamgeukia. Akainamisha kichwa. Akasema ni ule mti wa akiba wa mama, alikuwa anajaribu tu, mama akilala mchana. Kisu alikinoa kwa Kipimo Jumatano jioni, upande ule ule kilivyokuwa. Aliona aibu kusema kwa sababu mama alikuwa anafurahi na ngazi yake.

Wifi akampa kisu. Akampa na kipande cha kile kijiti chake kilichokatika. Mkamwana akakishika kwa mkono wa kushoto, gumba likaingia pale mpini ulipolika. Likakaa. Akavuta. Kipande cha mti kikatoka chembamba, kirefu, kikajikunja bila kukatika, na kingine, na kingine, kijiti kikaota manyoya mezani pale kati ya sahani. Wifi akasema kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia kwake tangu msibani: kaka alikuwa anashika hivyo hivyo. Akachukua leso. Na mimi nikachukua yangu.

Mwanangu akasema basi, kisu kiko kwa anayekitumia. Wifi akasema sawa. Akamwomba mkamwana amchongee kijiti kimoja cha kwenda nacho porini, wenzake wasijue. Nimelisikia hilo. Nimeliweka.

Mimi nikawaambia mkamwana amejifunza kwangu. Nani alileta mti? Nani alikuwa anachonga mbele yake siku nzima Alhamisi? Wakacheka, lakini hakuna aliyekanusha, kwa hiyo andika kwamba wamekubali.

Baada ya kula mkamwana akamenya chungwa kwa kisu kile. Ganda likatoka refu, zima. Hakunivisha, ana haya, akaliweka tu karibu na sahani yangu akaondoka na vyombo. Nikalivaa. Wifi akasema naonekana kama nimeshuka mchungwani. Nikamwambia hajui mikufu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeamka mwepesi. Kisu kiko kwenye nyumba hii, kwenye droo ile ile, na nikikitaka naomba. Nimeomba mara moja, kufungulia kopo la rangi. Mkamwana amekataa. Mwanamke amebadilika ghafla.

Asubuhi wifi akapiga simu, eti kunijulia hali. Sauti imejaa furaha. Akasema angalau sasa, wifi yangu, tumejua ukweli, mchongaji wa nyumba hiyo si wewe. Akacheka kidogo. Kidogo tu, lakini kile kicheko nilikisikia.

Basi na mimi nikamwambia. Nikamwambia ule upawa wa sokoni niliuleta makusudi, kuwapima macho. Wa kwangu hasa, nilioukamilisha kwa mkono wangu, shimo lake refu kuliko lile, upo. Akauliza shimo nimelichimba na nini. Nikamwambia aje Jumapili aone. Akauliza uko wapi. Nikamwambia nimeuficha.

Kwa hiyo, mkamwana, weka kalamu chini. Nenda kwa Kipimo ukamwulize vizuri kile kisu kilichopinda kama mwezi, maana siku ile sikuisikia habari yake mpaka mwisho. Ukitoka, pitia uani. Bwana Honi kaenda kliniki, na naona kwenye mpera wake kuna tawi lingine kavu.